Nyundo ya Eugène

Nyundo ilikuwa inalia nyumbani, na Clémentine alikuwa bado njiani.

Alisimama pale reli inapokata barabara, kikapu cha soko mkononi, akatega sikio. Mapigo mawili mepesi, moja zito, kisha kimya kidogo cha mtu anayevuta pumzi. Mawili mepesi, moja zito, kimya. Jua la mchana lilikuwa linachoma mabati ya Shituru, moshi wa kiwanda umelala juu ya nyumba, na mtaa mzima ulikuwa unaendelea na shughuli zake. Fortunée muuza mikate alimpungia mkono kutoka kibandani kwake wala hakuona ajabu yoyote. Ajabu gani? Mlio ule ulikuwa wa kila siku, watu walishauzoea, na kama ungekosekana ndipo wangeuliza.

Lakini Clémentine alijua jambo ambalo mtaa haukulijua. Watu waliojua kupiga shaba kwa mwendo ule walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa mumewe Eugène, na Eugène alikuwa chini ya udongo wa Kambove, mwaka wa pili sasa. Mwingine alikuwa yeye mwenyewe, na yeye huyu hapa, amesimama relini na kikapu cha nyanya.

Alianza kutembea, kisha akajikuta anakimbia. Ningependa kusema alikimbia kwa hofu, ingekuwa heshima zaidi, lakini si kweli. Alikimbia kwa tumaini. Nyanya zilikuwa zinaruka kikapuni na kudondoka nyuma yake, naye hakugeuka kuziokota, kwa sababu moyo wake wa kijinga ulikuwa unamwambia kwamba huenda walikosea, huenda shimo lile lilikuwa na mlango mwingine.

Eugène alikuwa fundi. Mpe bamba la shaba jipya, mpe nyundo, patasi na kitanda cha lami cha kulazia bamba, na baada ya siku chache atakutolea swala anayekunywa maji, au mwanamke mwenye kikapu kichwani, au ramani ya Kongo yenye mito yote. Wageni walinunua, maparoko walinunua, mabwana wa kampuni walitundika sebuleni. Siku moja alikwenda Kambove kutafuta vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani, vya kupambia kazi yake, akashuka kwenye shimo la wachimbaji, na shimo likajifunga. Watu walichimba, wakachoka, wakaweka msalaba juu. Mwili haukuonekana.

Mama yake, Mama Clotilde, alikataa kulia. Watu walikuja, wakatandika mikeka, wakapanga viti, wakasubiri kilio cha mama ili na wao walie. Mama Clotilde akawatazama kwa macho makavu akawauliza: nimlilie nani? Nionyesheni. Hawakuwa na cha kumwonyesha. Matanga yakavunjika hivyohivyo, mikeka ikakunjwa, watu wakaondoka kwa aibu kama waliokosea nyumba.

Na kosa lenyewe lilikuja baadaye kidogo. Kulikuwa na bamba moja la kanisa ambalo Eugène aliliacha nusu. Clémentine, aliyejifunza kazi kwa kukaa pembeni ya mumewe, alichukua nyundo alimalize. Mkono wake ulijua mwendo mmoja tu, ule wa mwalimu wake. Mawili mepesi, moja zito. Kutoka jikoni ikaja sauti ya Mama Clotilde, nyepesi, ya mtu aliyesahau: "Eugène, kuya kula." Clémentine angeweza kuacha kupiga. Angeweza kwenda jikoni akasema, mama, ni mimi. Aliendelea kupiga. Mama Clotilde akala siku ile kwa mara ya kwanza tangu ajali, na kuanzia hapo nyundo haikunyamaza tena. Clémentine alipiga swala za Eugène, akapiga wanawake wa Eugène, na pembeni chini akachora jina la Eugène, maana wateja walimtaka Eugène na mama alimtaka Eugène. Clémentine nani alikuwa anamtaka?

Alikuwepo mmoja, na hilo ndilo lilikuwa balaa.

Casimir seremala alikaa ukuta wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza fremu za mbao za kazi zile tangu enzi za rafiki yake, na baada ya rafiki yake kufa hakuacha. Kila fremu ilipokwisha aliileta, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa. Ndipo Clémentine alipokuja kuiokota. Hawakupokezana kitu mkononi hata siku moja. Katika ukoo wa Eugène mjane si mwanamke huru mpaka watu wa marehemu wamwoshe. Mama wa marehemu humwagia maji asubuhi, humpaka unga mweupe, humwambia nenda. Asipooshwa, marehemu bado analala ubavuni mwake, na mwanamume atakayemgusa atakuwa amemgusa marehemu. Casimir alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, mtu wa sakramenti zote, lakini niambie, nani anataka kujaribu? Na Mama Clotilde hakuwa na haraka ya kumwosha mjane wa mtu ambaye kwake yeye hakuwa amekufa.

Basi wakabaki na macho. Macho yale mtaa mzima uliyaona isipokuwa wao wenyewe. Aliweka fremu chini, akamtazama. Aliiokota, akamtazama. Mapenzi ya miaka miwili yakapita hapo kati, juu ya vumbi la uwanja.

Clémentine alisukuma mlango wa bati na kuzunguka nyumba. Chini ya kibanda cha kazi, juu ya kigoda cha Eugène, alikuwa amekaa mwanamume. Alikuwa amevaa aproni ya ngozi ya Eugène, kamba imefungwa ubavu wa kushoto kama Eugène alivyokuwa anafunga. Mgongo umeinama. Mawili mepesi, moja zito.

"Eugène," Clémentine alisema. Hakupanga kusema. Neno lilitoka lenyewe.

Mkono wenye nyundo ukabaki hewani. Mwanamume akageuka, na alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Ni minye, belle," Casimir alisema polepole. Belle, shemeji, ndivyo alivyomwita tangu siku ya harusi yake na Eugène, na yeye alimwita beau. "Usiogope. Ni minye tu."

Clémentine alishika nguzo ya kibanda.

"Nani alikufundisha ile?"

"Ni weye. Miaka mbili niko nakusikia, ukuta moya tu katikati yetu. Wakati ulienda Lubumbashi juu ya visa, nilianza kujifunza ku atelier yangu, pa bati ya zamani. Sikio ilishajua zamani, mukono njo ilikuwa nyuma." Akacheka ile cheko yake isiyo na sauti. "Sasa mukono nayo imefika."

"Juu ya nini, beau? Juu ya nini ulifanya vile?"

"Juu kesho unaenda." Alilaza nyundo magotini. "Miezi tatu, belle. Mama atasikia nini? Nilijiambia, mutoto ya muntu aende kule Bulaya, ku résidence ya ba artistes, na roho kimya. Minye nitabakia napiga. Mama atasikia mwana wake, atakula. Weye utafanya kazi yako bila mawazo."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayetoa zawadi, na kweli ilikuwa zawadi. Hakuna mwanamume aliyewahi kumpa Clémentine kitu kikubwa namna ile. Alitaka kumwangukia kifuani. Alitaka pia kuchukua nyundo ile na kumpiga nayo.

"Toka pa ile kiti," alisema.

"Belle..."

"Toka, nakuomba. Siwezi kukuangalia pale."

Casimir akainuka. Sasa walisimama wakitazamana, aproni ya marehemu katikati yao, na Clémentine aliona jinsi alivyokonda wiki zile, jinsi vidole vyake vya seremala vilivyopasuka kwa kazi isiyo yake. Akamhurumia. Huruma yenyewe ikamkasirisha zaidi.

"Unajua naenda kule kufanya nini?" alimwuliza.

"Kupiga mukuba, hii shaba yetu. Batakupa atelier, batakupa chakula, batu bataona kazi yako."

"Kazi ya nani?"

Casimir aliinamisha macho kwenye aproni.

"Nikuambie kintu sijaambia muntu," Clémentine akasema. "Ile wakati ya saison ya baridi, nilienda Lubumbashi ku nyumba ya ba artistes, kwa Christiane. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Alimwekea fremu chini asubuhi ya safari, akamtazama mpaka basi likapinda kona.

Christiane alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aliyesimamia nyumba ile ya wasanii. Alimpa Clémentine chumba, ufunguo na bamba jipya la shaba, akamwambia: hakuna mteja hapa, hakuna mtu atakuomba kitu. Clémentine alidhani ni maneno ya adabu. Alingoja aombwe swala. Siku zikapita, hakuna aliyeomba swala. Alisugua bamba likang'aa, akalala, akaamka, akalisugua tena. Chumba cha jirani alikaa msichana mfumaji kutoka Kitwe aliyekuwa anafuma usiku na kufumua asubuhi, wala hakuona haya. Upande mwingine alikuwepo mpiga picha wa Kolwezi ambaye alipiga picha za milango tu. Jioni walikula pamoja na kuulizana maswali ya kitoto. Kwa nini umeacha pale? Kwa nini mlango umefungwa? Mbona bamba lako halina kitu? Shituru watu walikuwa wanamwuliza Clémentine kazi itakwisha lini. Kwa nini, hakuna aliyewahi kumwuliza.

Alikwenda kwa Christiane akalalamika. Nifanye nini basi? Christiane akainua mabega: "Sijue, ndugu yangu. Njo nangojea nione."

"Siku moja mukono ilianza," Clémentine alimwambia Casimir, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haiko mbili na moya. Ilikuwa ya kuteleza, kidogokidogo, upande. Sikujua niko natoa nini. Hakuna swala, hakuna mwanamuke. Nilipiga mpaka mangaribi, halafu nilirudi nyuma niangalie. Casimir, ilikuwa shimo. Ile shimo ya Kambove, na udongo vile inakatwa na mvula. Nilipiga fasi bwana yangu analala."

"Mungu wangu," Casimir akanong'ona.

"Nililia mpaka ule mutoto ya Kitwe alikuya kunishika. Na ile usiku nililala. Njo mara ya kwanza nililala bila kumusikia. Batu ya Dinant balionyeshwa ile, balisema ule mwanamuke akuye. Haiko Eugène. Ni minye banaita."

Dinant ni mji mdogo wa Ubelgiji kando ya mto. Wenyeji wake walikuwa wanapiga shaba tangu zamani, hata kazi yenyewe kwa Kifaransa imebeba jina la mji wao. Clémentine alikuwa hajui lolote lingine juu ya mahali pale. Alijua tu kwamba kutakuwa na chumba, bamba, na watu watakaomwuliza kwa nini.

"Nataka ile mukono ikuye tena," alisema. "Kama niko hapa haiwezi. Hapa mukono yangu iko ya muntu alikufa."

Mlango wa jikoni ukalia. Mama Clotilde alitoka na sahani mbili, moja ya bukari, ugali wa kwao, nyingine ya sombe, majani ya muhogo, anatembea kwa uangalifu asimwage. "Eugène, bukari inapoa," alikuwa anasema, kama kila siku. Akainua macho. Akamwona Clémentine amesimama na kikapu, mbali na nyundo. Kisha akamwona mwanamume mwenye aproni.

Mama Clotilde hakuwa kichaa, na atakayesema alikuwa kichaa hakumjua. Aliweka sahani juu ya meza ya kazi, moja, kisha ya pili. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Casimir. Kumbe ni weye njo ulikuwa unapiga?"

"Ni minye, mama."

"Kikala. Piga tena."

Casimir akamtazama Clémentine, kisha akakaa. Nani angemkatalia mama yule? Alipiga. Mama Clotilde akafumba macho, na uso wake ukalegea, ukawa wa mwanamke mwenye miaka kumi pungufu. Clémentine alitazama pembeni kwa sababu hakuweza kuuona uso ule.

"Inatosha," Mama Clotilde akasema mwishoni, na alipofumbua macho alikuwa ameshaamua. "Mwana, mama yako iko na batoto wanaume wanne. Minye Mungu alinipatia moya tu. Dimanche, nyuma ya misa, nitaita bazee ya familia. Utaingia pa fasi ya Eugène. Kiti, nyundo, jina." Akageuza kichwa kidogo. "Na bibi."

Clémentine alisikia garimoshi mbali, upande wa kiwanda.

Mila hiyo ilikuwepo zamani, alishaisikia kwa bibi zake. Mtu akifa, mwingine anaingia katika jina lake, anarithi kiti chake na mke wake, na watoto wanamwita baba. Siku hizi watu wanaosha tu mjane, mambo yanakwisha. Lakini mila ikilala haijafa, na mama mwenye haki ya kuiamsha alikuwa amesimama mbele yao.

"Mama," Clémentine akasema, "na safari yangu?"

"Safari gani? Bwana anarudia, bibi anaenda wapi?" Mama Clotilde alisema bila ukali, karibu kwa utani. "Tena ile safari sikuielewa hata siku moya. Mukuba inatoka hapa kwetu. Inapanda treni, inaenda kwa Bazungu. Sasa weye nawe unaifwata kule kufanya nini? Kuisalimia?"

Siku nyingine Clémentine angecheka. Leo hakuweza. Maana sikiliza alichokuwa anapewa. Mwanamume yule, yule yule, na vumbi lake la mbao. Hakuna tena kuweka vitu chini. Asubuhi ataamka na kumkuta, jioni ataiona cheko isiyo na sauti upande wa pili wa meza, na hakuna ulimi wa Shituru utakaomsema, kwa sababu mama mwenyewe ametoa. Alichokililia kimoyomoyo miaka miwili kilikuwa kimewekwa mezani pamoja na bukari. Ilitosha anyooshe mkono.

Casimir alikuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa yanaomba.

"Mama," alisema, "kama Clémentine anakubali, minye nakubali."

Ndipo moyo wa Clémentine ulipouma kweli.

"Mama, utuachie kidogo," aliomba. "Nakuomba. Tuongee."

Mama Clotilde aliwatazama wote wawili, akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi.

"Unakubali kuitwa Eugène?" Clémentine aliuliza.

"Nakubali kuitwa hata jiwe, kama ile jiwe iko mu nyumba yako." Casimir alisimama ghafla na kigoda kikaanguka. "Nimechoka, Clémentine! Nimechoka kukupatia bintu chini sawa mbwa. Nimechoka kuimba ku misa naangalia shingo yako. Banipe jina gani, haiko shida. Nitakuwa na weye."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake peke yake. Clémentine alilisikia likipita mwilini mwake lote, na akajua asiposema sasa hatasema tena.

"Nakupenda," alisema. "Sikia muzuri, juu sijue kama nitaweza kurudilia. Nakupenda weye, Casimir. Ule anacheka bila sauti. Ule anaweka misumari mu kinywa halafu anataka kuongea. Ule anaharibu sauti ya basse kila dimanche na Padri anafanya sawa hasikie. Eugène hakukuwa vile. Nilimupenda Eugène, Mungu anajua, na yeye alikuwa muntu mwingine. Kama unaingia mu jina yake, ule minye napenda atakwenda wapi? Utaniulia bwana wa pili na mukono yako mwenyewe."

"Nitabakia minye, mu roho."

"Minye nilisema vile vile! Nilisema nitapiga sawa Eugène, lakini mu roho nitabakia Clémentine. Angalia sasa. Ilibidi niende Lubumbashi kujitafuta." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Usiku nitakuita nani? Nikisema Eugène, utaitika. Na minye sitajua nani analala pembeni yangu."

Kamba ya aproni ilikuwa imemkaza Casimir ubavuni. Mkono wake ukaenda pale, ukabaki pale.

"Na kama unaenda," alisema kwa sauti ndogo, "na haurudie?"

Angeweza kumdanganya. Mapenzi yanapenda uongo wa aina hiyo, na wengi wetu tumeupokea kwa furaha.

"Inawezekana," Clémentine alisema. "Sijue nani atashuka mu ndege siku ya kurudia. Njo maana ya kwenda. Lakini kama narudia, nataka nikute Casimir hapa. Eugène mwingine sitaki."

Walitazamana kwa muda mrefu. Hakumgusa. Kisha Casimir akaanza kufungua fundo la aproni, polepole, vidole vyake vyenye ufa vinahangaika na kamba. Aliivua. Aliikunja vizuri kama mtu anavyokunja nguo ya mgonjwa, akailaza juu ya meza.

"Mama," aliita. "Mama Clotilde. Kuya, nakuomba."

Mama Clotilde alitokea mlangoni haraka mno. Bila shaka alikuwa amesimama palepale nyuma ya ukuta.

"Mama, minye ni Casimir," Casimir alisema. "Mwana ya mama Danielle, fundi ya mbao. Eugène alikuwa rafiki yangu. Ile siku nilifika ku shimo, sikukuambia. Nilichimba na mikono hii. Nilimuita mpaka sauti iliisha. Hakuitika, mama." Aliweka mkono juu ya aproni iliyokunjwa. "Nimekosa leo. Ile nyundo nilipiga haiko yake. Na ile Clémentine anapiga, haiko yake. Hakuna muntu anapiga, mama. Hakuna."

Mama Clotilde alimgeukia mkwewe.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama." Clémentine alipiga magoti pale vumbini bila kujua amepiga magoti. "Tangu siku ya kwanza. Uliita Eugène, na minye niliendelea kupiga. Unisamehe."

"Nilijua," Mama Clotilde akasema.

"Mama?"

"Nilijua, mwana. Mama gani hajue mukono ya mutoto wake? Eugène alikuwa anachokaga mangaribi, ile pigo ya nguvu inakuwa na uvivu. Weye hauchokake." Aliketi kwenye kizingiti cha mlango, taratibu, mkono ukishika ukuta. "Lakini kama weye unapiga, minye sikukuwa na lazima ya kulia. Nilikuwa nakupikia chakula, na weye unanipigia nyundo. Tulikuwa tunafichana vile."

Alifungua kitambaa cha kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, na Clémentine, aliyekaa naye nyumba moja miaka yote, alikuwa hajui. Mama Clotilde aliteremka kutoka kizingitini akakaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wafiwa, akavuta pumzi.

Kilio kilichotoka kilikuwa cha mtu aliyekibeba miaka miwili. Kilipanda juu ya mabati, kikavuka ukuta, kikaenda mpaka relini. Kuku walitawanyika. Mtaani redio moja ikazimwa, kisha nyingine. Clémentine alitambaa kwa magoti mpaka kwake, na mama yule akamvuta kifuani kwa nguvu ambayo hakuitegemea.

Wa kwanza kuingia alikuwa Fortunée, unga mikononi, nyuma yake wanawake wengine wanne au watano wakihema.

"Mama Clotilde! Nini iko? Nani alikufa?"

Mama Clotilde aliinua uso.

"Mutoto yangu," alisema. "Mutoto yangu Eugène. Alikufa."

Wanawake walitazamana. Wote walijua. Wote walikuwepo siku ile mikeka ilipokunjwa. Mwingine angeweza kusema, mama, hilo ni la zamani. Fortunée akajifuta unga kwenye kitenge, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakaa chini. "Pole, mama," alisema. "Pole sana. Alikufa lini?"

"Sasa hivi."

Basi wote wakakaa, na kilio kikashika nyumba nzima. Casimir alisimama kidogo pale kibandani, mikono mitupu. Kisha akafanya wanachofanya wanaume siku kama hiyo: akavuka kwenda karakana yake kuleta viti, na mbao za kuwashia moto, na kurudi kuleta vingine.

Clémentine alilala mapajani mwa mama mkwe, macho makavu. Alikuwa amelia kwa ajili ya Casimir, alikuwa amelia Lubumbashi kwa ajili ya shimo, lakini kwa ajili ya mumewe, mbele ya watu, kama mke, hajawahi. Machozi hayakuja. Juu yake Mama Clotilde alikuwa anaita jina la mwanawe na kuyataja mambo yake, meno yake ya kwanza, homa yake, kiburi chake. Katikati ya kilio aliinama, mdomo ukagusa sikio la Clémentine.

"Bus ya kesho inatoka saa ngapi?"

"Saa mbili ya asubuhi, mama."

"Basi lia leo," Mama Clotilde alinong'ona. "Mulilie bwana yako muzuri, usibakishe. Kesho asubuhi, kabla ya bus, nitakuosha."

Ndipo Clémentine alipolia.